Mama mkwe anasema nimemfichia mlango

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kirumba hapa Mwanza kwenye nyumba ya wakwe zangu. Baba mkwe alifariki miaka sita iliyopita, na kwa kuwa mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee, ikaamuliwa tuhamie tukae na mama. Sikukataa. Tulikuwa tumepanga Buhongwa, nikafungasha, tukaja. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Geita na anakuja akiwa likizo, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo mimi, mama na watoto.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, imejengwa mlimani katikati ya mawe kama nyumba nyingi za huku. Dirisha la sebule linatazama ziwani, na ukuta wa nyuma umekaribiana kabisa na jabali. Baba mkwe aliijenga kidogo kidogo, na kuta za ndani alizipaka kwa mikono yake mwenyewe: chini, mpaka usawa wa kiuno, rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, juu krimu, katikati mstari mwembamba mweusi. Kama umewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ya zamani, rangi hizo unazijua. Sebule, korido na vyumba vyote viko hivyo hivyo. Sasa krimu imefubaa, kijani kimechubuka, na ukuta wa upande wa jabali rangi imefura malengelenge. Ukibonyeza inapasuka na unga mweupe unamwagika.

Shangazi, nyumba hii inanielemea. Muda wote niliokaa humu hakuna kitu hata kimoja nilichochagua mimi. Mapazia ni ya mama, makochi ni ya mama, hata msumari wa kutundika kalenda naomba ruhusa kwanza. Nikitoka kazini nikafungua mlango, kile kijani kinanipokea, najiona mgeni kwenye nyumba ninayoideki kila siku.

Mume wangu alipokuja likizo nilimwambia naomba tupake rangi. Akasema sawa, fanya unavyoona inafaa, akanipa laki nane. Nimetafuta picha kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilizozipenda ni zile nyumba nyeupe tupu: kuta, milango, fremu, dari, vyote vyeupe, mtu akiingia anapumua. Nikaenda mjini nikanunua ndoo ya lita 20, rangi ya maji nyeupe, silki ile inayong'aa. Fundi akasema hakuna haja ya kuhangaika, anapiga juu kwa juu mikono mitatu na kijani kitapotea.

Mama nilimwambia mapema, sikumficha. Alinyamaza, nikajua amekubali. Fundi akaanza na korido, akapaka upande mmoja, ule wenye mlango wa choo na mlango wa chumba cha mama. Akapaka ukuta, milango na fremu. Ilipendeza, sikudanganyi. Kesho yake alfajiri nikasikia kishindo. Mama amegonga kiwiko kwenye fremu ya mlango wa choo. Nikakimbia kumshika, akautoa mkono wangu, akasema, "Mayu, umenifichia mlango." Akarudi chumbani, hakutoka mpaka mchana, hata chai hakunywa.

Niliumia mno, kwa sababu nilielewa anachoniambia: kwamba nimekuja kwenye nyumba ya mumewe nimeigeuza yangu, na yeye sasa hana pa kupita. Jioni wifi mkubwa, yupo Dar, akaandika kwenye kundi letu la familia: "Kuta hizo alizipaka baba kwa mikono yake. Nyumba ni ya baba, haijagawiwa mtu." Wifi mdogo akaweka alama ya kuunga mkono. Mume wangu amesoma, najua amesoma, hajaandika neno. Nilipompigia akanijibu, "Hayo mambo ya wanawake, malizaneni." Ni kweli mirathi haijafunguliwa mpaka leo, lakini mimi nimetaka rangi, sijataka nyumba.

Nisimseme mama vibaya. Amepita miaka sabini, jicho moja alitolewa mtoto wa jicho, la pili bado anasubiri. Hata hivyo anajitegemea, anatembea mwenyewe ndani kwa kupitisha kiganja ukutani, pale pale kwenye ule mstari mweusi, mpaka anafika anakokwenda. Wanangu amewalea yeye. Ila naona moyoni hajanipokea, na mapenzi yake na marehemu yako kwenye kuta ambazo mimi nimeambiwa nisiziguse.

Fundi nimemsimamisha. Korido ni nusu nyeupe nusu kijani, na kila nikipita naona aibu. Nimalizie nyumba yote nyeupe nipate amani yangu, au nirudishe kijani niendelee kuishi ndani ya kumbukumbu za watu? Nisaidie.

Mkwe wa Kirumba, Mwanza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa hiyo korido, na pole zaidi kwa ukimya uliokuzunguka. Mama kanyamaza, mume kanyamaza, na waliofungua midomo wamefungua ili wakuchome.

Nianze na wewe, kwa sababu katika barua ndefu hivi umejiombea kitu kimoja tu, na umekiomba kwa woga. Kutaka kuta zinazokupa pumzi ukitoka kazini si kiburi, wala si kumdharau marehemu. Mtu anayedeki nyumba, anayepika humo, anayeamka usiku mtoto akikohoa, ana haki ya kuuona mkono wake mahali fulani ndani ya nyumba hiyo. Hilo lishike wakati unasoma yanayofuata, maana mengine yataegemea upande wa mama na sitaki udhani nimekuacha.

Unavyoliona jambo hili, kuna rangi mbili na nyuma ya kila rangi yupo mwanamke. Nyeupe ni wewe, kijani ni mama, na ikishinda moja mwenziwe ameshindwa. Ndiyo maana mwisho wa barua umebaki na njia mbili tu, na zote zinaumiza. Lakini katikati ya barua hiyo hiyo umeandika mambo ambayo naona hukuyapa uzito.

Umesema mama ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja, wa pili bado. Umesema hutembea kwa kupitisha kiganja kwenye mstari mweusi. Umesema fundi alipaka ukuta, mlango na fremu kwa rangi moja, na alfajiri iliyofuata mama akagonga fremu. Kisha akasema umemfichia mlango. Wewe ukasikia fumbo. Je, kama halikuwa fumbo? Je, kama alikuwa anakueleza tu kilichompata?

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoota kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Lenzi ikizeeka hugeuka njano, baadaye kahawia, na mwanga unaopita humo hutawanyika badala ya kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo mtu huyo mwanga mkali unamuumiza, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana vinaungana mbele yake. Lile jicho lililofanyiwa upasuaji limewekewa lenzi mpya iliyo safi, linaona weupe mkali, wengine husema wenye ubuluu ndani yake. Jicho ambalo bado halijafanyiwa upasuaji linaona weupe huo huo umefifia na kuelekea njano. Mama yako anautazama ukuta mmoja kwa macho mawili yasiyokubaliana. Katika hali hiyo, jina la rangi halimsaidii sana. Anachokitegemea ni tofauti kati ya mahali pa giza na mahali peupe. Wewe ni mwalimu, huandiki kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweupe. Fundi alipompakia mlango, fremu na ukuta rangi moja, ndicho alichokifanya.

Sasa urudi kwenye zile kuta ulizozichoka. Kijani kilichokolea chini, krimu juu, mstari mweusi katikati unaokwenda bila kukatika mpaka kwenye mlango na kuanza tena upande wa pili. Baba mkwe alipozipaka huenda alifikiria uchafu tu. Chini rangi ya mafuta ili vidole vya watoto na vumbi vifutike kwa kitambaa, juu rangi nyepesi ili mwanga usipotee. Zahanati na madarasa yalipakwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini macho ya mkewe yalivyozidi kufifia, kuta hizo zikawa zinamwongoza. Mstari unapokatika, hapo pana mlango.

Simjui mama yako, na siwezi kukuapia kwamba hana kinyongo. Huzuni ya mume na shida ya macho vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe asijue kipi kinamuuma zaidi. Yupo pia mzee anayeona aibu kusema "sioni", kwa sababu akisema hivyo ataanza kushikwa mkono kila anapokwenda na kuambiwa akae chini. Kuutoa mkono wako siku ile kunaweza kuwa kukukataa wewe. Kunaweza pia kuwa kukataa kuwa kipofu mbele ya mkwe wake, alfajiri, akienda chooni. Na neno lenyewe alilolitanguliza ni "mayu". Kwa Wasukuma hilo ni neno la kumwita mama, na mama yako ni mtu wa kulichagua neno lake hata akiwa na maumivu. Ningekuwa wewe ningelipa neno hilo nafasi kabla ya kufunga hukumu.

Njia ya kujua ni kumuuliza, ila usimuulize kama rangi anaitaka au haitaki. Ukimuuliza hivyo atanyamaza tena, na safari hii usihesabu ukimya wake kuwa ndiyo. Mama mkwe hunyamaza mbele ya mkwe kwa sababu nyingi, na kuogopa kuonekana mkorofi ni mojawapo. Tafuta saa ambayo mikono yenu ina kazi, mnachambua dagaa au mchele, watoto wako nje. Mwambie, "Mama, ile siku ulipogonga mkono sikukuelewa. Nieleze ukipita korido unaona nini." Kisha nyamaza. Akikubali, tembea naye taratibu kutoka chumbani kwake mpaka choo, mpaka jikoni, akuonyeshe anaposhika na anapohofia. Muulize pia ilikuwaje baba akachagua kijani. Swali hilo litafungua mlango wa huzuni kama upo, na utamsikia mwenyewe akiongea kuhusu mumewe bila wewe kushtakiwa.

Baada ya mazungumzo hayo ndipo rangi itazungumzika, na hapo naona nafasi kubwa kuliko unavyofikiri.

Weupe unaoutaka unaweza kukaa na mama yako asiyeona vizuri, mradi usiwe weupe wa kila kitu. Kuta zikiwa nyepesi, fremu na milango ikabaki yenye giza, na chini ukutani ukapita ukanda wa sketingi uliokolea, anaona mlango uko wapi na sakafu inaishia wapi. Swichi za taa nazo zikiwekewa mzunguko wa rangi tofauti zinamsaidia usiku. Kuna jaribio dogo la simu nakupendekezea: piga picha korido, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, uitazame. Kama mlango na ukuta vimekuwa kijivu kimoja, hata ukiziita rangi mbili, kwake ni moja. Unaweza kukuta kijani na kahawia vinaungana kabisa, na krimu na kahawia vinaachana vizuri. Hatari ya njia hii ni ule mstari. Macho yake yatapata mlango, lakini kiganja chake hakitapata mahali pake palipozoeleka, kwa hiyo ingefaa mbadilishe sehemu moja, aizoee, ndipo muende nyingine.

Njia ya pili ni kuiacha korido na chumba chake na mpangilio wa zamani, lakini kwa rangi zilizo hai. Juu nyeupe iliyopoa badala ya krimu iliyofubaa, chini kijani kipya au bluu ya ziwa au hata rangi ya udongo, mstari ukapigwa upya palepale. Sebule, jikoni, chumba chako na cha watoto viwe vyako. Mgawanyo huo una heshima, ila una mwiba wake. Ukikubali ili tu uonekane mkwe mwema, huku moyoni unahesabu kila futi uliyonyimwa, baada ya muda utamdai mama deni ambalo hakulikopa. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: sebule ikiwa yako, itakutosha? Au kinachokukaba ni ile kalenda unayoiombea msumari? Kama ni kalenda, hakuna ndoo ya rangi itakayoliponya hilo, na litahitaji kusemwa kwa jina lake.

Sebule hiyo nayo, kabla hujaipaka nyeupe inayong'aa, kaa ndani yake siku moja kuanzia asubuhi. Picha nyingi za nyumba nyeupe tunazoziona kwenye simu zimepigwa nchi za baridi, ambako jua ni la kukopa na watu wanaongeza mwanga kwa kila namna. Mwanza iko kama digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakaribia utosini mwaka mzima, likipita kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo mwezi Desemba, na kinachotusumbua ni mashariki asubuhi na magharibi jioni. Dirisha lako linatazama ziwa, maana yake linatazama magharibi. Saa kumi na moja jioni jua linaingia likiwa chini, na maji yanalirudisha mara ya pili. Silki nyeupe itaung'arisha mwanga huo ukutani, na mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kulazimika kukaa ameupa mgongo. Rangi isiyong'aa, iliyopoa kidogo kuelekea maziwa au mchanga, itakupa ule uwazi unaoutaka bila kumchoma. Paka kwenye boksi kubwa, mikono miwili, lisimamishe ukutani, ulitazame asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka. Balbu nyingi tunazonunua zina mwanga mweupe wenye ubuluu, nao hubadilisha rangi kabisa. Balbu ya mwanga wa njano inatuliza ukuta, na vijidudu vya ziwani vikiibuka haviifuati sana kama vinavyofuata nyeupe. Mtu aliyewahi kufuta dari nyeupe baada ya usiku wa vijidudu vile anajua kwa nini nimelitaja.

Njia ya tatu ni kusubiri, na hii naiweka mezani kwa sababu ya fundi wako zaidi kuliko mama. Rangi ya maji ikipigwa juu ya rangi ya mafuta bila kuandaa ukuta haishiki. Itakaa vizuri wiki chache, kisha utaikwaruza kwa ukucha itoke kama ngozi, na laki nane zitakuwa zimeondoka. Ukuta wa mafuta huoshwa kwa sabuni, hupigwa msasa mpaka mng'ao ufe, halafu undakoti, yaani rangi ya chini ya kushikisha, ndipo rangi yenyewe. Na hapo kwenye msasa nakuomba uwe mkali. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto linaathiri ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa kuwa hujui baba mkwe alipaka kopo gani, chukulia kwamba imo. Msasa upigwe ukuta ukiwa umeloweshwa, fundi avae barakoa, watoto na mama wawe kwa jirani au kwa ndugu, sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na wasirudi mpaka vumbi liishe. Rangi ya zamani isichomwe moto kwa namna yoyote.

Ule ukuta wa jabali usiupake chochote kwa sasa. Malengelenge yale ni maji. Mvua inateremka kwenye jabali, inaingia ukutani, na rangi ya mafuta inayazuia yasitoke, mpaka yanaisukuma. Unga mweupe unaomwagika ni chumvi iliyoletwa na maji hayo. Nyeupe itafura kama kijani kilivyofura. Panahitaji mfereji mdogo wa kuyakatiza maji kabla hayajafika ukutani, rangi ikwanguliwe mpaka plasta, na ukuta uachwe ukauke kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Hapo utachagua rangi ya maji, inayouacha ukuta upumue.

Nimebakiza mawifi na mume, na sijabakiza kwa bahati mbaya. Wifi yako ameandika "haijagawiwa mtu". Mwanangu, hiyo si sentensi ya rangi. Mirathi haijafunguliwa, kaka yao anaishi kwenye nyumba ya baba, na sasa fedha zake zinaingia kwenye kuta. Anayeishi mbali akiona picha ya korido nyeupe anaweza kusoma kwamba nyumba imekwisha chukuliwa. Huenda hana nia mbaya na wewe kabisa. Anaogopa tu kukosa mahali pa kurudi kwao. Hofu hiyo wewe huwezi kuitibu, na ukijaribu utaonekana unajitetea. Mwenye mdomo wa kuitibu ni mume wako, mtoto wa nyumba hiyo, na akisema ni mambo ya wanawake anakuachia mzigo wa watu wa damu yake uubebe peke yako. Mwambie hivyo akija likizo, mkiwa wawili, bila simu mkononi. Mwombe mambo mawili. Kwanza, aandike mwenyewe kwenye lile kundi kwamba rangi aliikubali yeye na fedha ni zake. Pili, awaite dada zake na ukoo wakae kikao, wampendekeze msimamizi wa mirathi, wapeleke muhtasari Mahakama ya Mwanzo. Mama kama mjane ana haki zake humo, na ni vizuri zikajulikana akiwa hai na anazungumza. Jambo hili nalo lina hatari, kwa sababu vikao vya mirathi hufukua mengi, na anaweza kukuambia uache. Ukiona anakwepa, mzee wa ukoo anayeheshimika au mchungaji, au shehe kama ni Waislamu, anaweza kumfungulia njia.

Kuhusu mama kutokukupokea, sitakuambia anakupenda, kwa sababu mimi simo humo ndani. Nimesoma tu kwamba amekulelea watoto, na kwamba siku alipoumia alikuambia wewe kwanza. Hayo yaweke pamoja na ukimya wake uone yanakuja kuwa picha gani.

Kuna jambo moja haliwezi kusubiri kikao wala kiangazi. Ile fremu ya choo na fremu ya chumba chake zitiwe giza kesho. Huhitaji fundi, kipande cha tepu nyeusi pana kutoka juu mpaka chini, pande zote mbili, kinatosha kwa sasa. Muite mama akuambie kama anauona mlango. Na ile ndoo yako haijapotea. Ifunike vizuri, iweke kivulini, isipigwe na jua la juu ya bati. Rangi nyeupe maduka mengi yanaweza kuitia rangi nyingine ukishachagua, na hata ikibaki silki nyeupe, chumba cha wanao kitaipokea. Mwambie fundi asubiri, umlipe alichokwisha fanya. Ukishatembea na mama korido ile, niandikie alichokuonyesha, hata kama kinapingana na kila nilichokisema hapa.

Shangazi yako